Shangazi, nilikataa chakula cha mama wa watu Bagamoyo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 23, natokea Kindu, jimbo la Maniema, Kongo. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tangu Jumamosi ile tuliyokwenda Bagamoyo sijapata usingizi wa kueleweka, na mwenzangu wa chumbani hanisemeshi zaidi ya habari za asubuhi.

Nianze mbali kidogo. Nyumbani tuna bibi, mama yake baba, ameshapita miaka 80. Tangu utoto wetu anatusimulia habari za kaka wa babu yake, kijana ambaye alikuwa hajaoa, aliyechukuliwa na msafara wa pembe za ndovu upande wa Nyangwe. Alifungwa pamoja na wengine, wakaelekezwa jua linakochomoza, hakurudi. Bibi hajui ni mwaka gani. Anachojua ni kwamba mama wa kijana yule alikuwa akimtengea chakula kila jioni mpaka naye akafa. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma Tanzania, ndugu wengine waliniagiza vitenge. Bibi aliniagiza kitu kimoja: "Ukifika baharini, angalia kule alikopita."

Basi idara yetu ikaandaa ziara ya siku moja. Tulikuwa 30 na kitu: Wakenya, Warundi, wawili kutoka Ujerumani waliokuja kwa muhula mmoja, na wenyeji. Mwenzangu wa chumbani ni mzaliwa wa Bagamoyo. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanifundisha kupanda daladala, akanionya kwamba huku mtu mzima haambiwi "jambo" kama kwetu, anaambiwa "shikamoo". Wiki nzima kabla ya safari alikuwa na furaha. Alimpigia mama yake simu kwamba mchana atatuleta nyumbani kula, mimi na wenzetu wawili.

Tuliondoka alfajiri, na ratiba ilikuwa imebanwa: Misheni ya Katoliki, magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, Boma la Mjerumani, Caravanserai, soko la samaki, kisha kurudi. Pale Misheni kuna mbuyu mkubwa, na kwenye shina lake umetokeza mnyororo wa chuma, kipande kifupi tu, kwingine kote mti umeumeza. Mimi nilikuwa nyuma ya kundi, maelezo sikuyasikia. Nilipouona ule mnyororo nilihisi miguu inalegea. Niliushika. Ulikuwa na kutu na umepata moto wa jua. Nikaupiga picha, nikamtumia binamu yangu Kindu pamoja na ujumbe wa sauti: "Mwonyeshe bibi. Hiki ndicho walichofungwa."

Kaole tulikaa dakika 20. Nakumbuka makaburi na jua, basi.

Mambo yaliharibikia Caravanserai. Mwongozaji alisema hapo ndipo misafara ya kutoka bara ilipofikia. Wenzangu walikuwa wakipiga selfi, mmoja amekutanisha mikono kama mtu aliyefungwa, huku anacheka. Nililia, Shangazi, nililia kwa sauti. Mwenzangu wa chumbani akanishika bega akasema, "Pole jamani, lakini hayo ni mambo ya zamani, yameshapita." Najua hakuwa na nia mbaya. Ila neno lile lilinichoma kuliko kicheko cha wale wengine.

Saa 8 mchana tukafika kwao. Mama yake alitupokea vizuri mno. Alikuwa ametandika mkeka, sinia liko katikati limefunikwa kwa kawa. Juu ya mlango kuna picha ya zamani ya mzee aliyevaa joho, jambia kiunoni. Nikauliza ni nani. Mama akasema, "Huyo ni babu yake babu yao." Kisha akafunua kawa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Mvuke ukapanda. Na mimi, sijui maneno yalitoka wapi, nikasema mbele ya watu wote: "Watu wenu walituuza. Mimi sili hapa."

Mama hakujibu kitu. Alilirudisha kawa polepole, akalisawazisha kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akasema, "Haya, mwanangu." Nikatoka, nikakaa barazani mpaka wenzangu walipomaliza.

Usiku nikakuta hotipoti kando ya kitanda changu. Mama alikuwa amenifungia wali na samaki. Mwenzangu aliiweka pale bila neno, akajifunika shuka. Saa 7 usiku njaa ikanizidi, nikala gizani. Hotipoti nimeiosha, iko chini ya kitanda, hii ni wiki ya 3.

Na hayo hayakutosha. Juzi mmoja wa wale Wajerumani aliona picha ya mbuyu kwenye simu yangu, akaniambia ule mnyororo haukuwa wa watumwa, ulikuwa wa kufungia punda. Nilibisha, lakini wenzangu wote wakasema ndivyo tulivyoelezwa siku ile. Na kule Kindu binamu yangu ameshaichapisha ile picha. Bibi ameibandika karibu na kitanda, majirani wanakuja kuitazama, na kabla ya kulala anaigusa.

Nihame chumba? Bibi nimwambie, au nimwache na amani yake? Na Bagamoyo, nina uso wa kurudi?

Ni mimi,
Binti wa Kindu

*

Marahaba, binti yangu, na pole. Pole ya safari na pole ya msiba, maana ulilokutana nalo pale katika ua wa Caravanserai ni msiba, hata kama aliyekufa alikufa kabla bibi yako hajazaliwa.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Nimekulia karibu na soko la samaki, kiasi kwamba wavuvi wakianza kunadi asubuhi tunawasikia tukiwa bado vitandani. Kwa hiyo nakujibu kama shangazi yako, na pia kama jirani wa mama yule, hata kama simjui.

Tuanze na lile kawa, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko mnyororo. Kwetu Pwani mgeni anaweza kukataa chakula na asiudhi mtu. Atasema nimefunga, nimekula njiani, tumbo haliko sawa, na atachukua japo tonge moja la kumridhisha mwenyeji. Lakini kulikataa sinia lililokwisha funuliwa, tena kwa maneno yale, mbele ya wageni wengine na mbele ya mtoto wake, hilo ni kosa kubwa, na sitakupunguzia. Mama yule aliamka alfajiri kukuna nazi kwa ajili yako.

Sasa itazame hiyo hotipoti. Mama aliyekukasirikia hakufungii chakula. Alipomaliza kukusikiliza alikwenda jikoni akapakua, akakaza kifuniko, akamkabidhi mwanawe, akijua una safari na tumbo tupu. Mlango ule umeegeshwa tu, mwanangu, komeo haliko. Na mwenzio naye angeweza kuila ile hotipoti au kuigawa kwenye basi. Aliibeba mpaka chumbani akaiweka kando ya kitanda chako. Anachonyamazia ni aibu aliyoiona machoni kwa mama yake. Usihame.

Katika kulia hukukosea. Nyangwe anayoisema bibi yako, kule kwenye mto Lualaba, ilikuwa moja ya ngome za biashara ile. Julai 1871 watu wa misafara waliwamiminia risasi watu waliokuwa sokoni, wakafa kwa mamia, wengi wao wanawake waliokuwa wamekuja kuuza na kununua. Kasongo, si mbali na hapo, ndiko Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mnayemjua kwa jina la Tippu Tip, alikojenga himaya yake ya pembe na watu. Anayetoka kwenye nyumba yenye habari hizo akasimama katika ua ule pasipo kutikisika, huyo ndiye wa kuulizwa.

Na mwenzio alikosea aliposema yameshapita. Hapa kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wajerumani walikuja, wakapigana, wakatawala, wakaondoka, na haukuwa umeisha. 1922 ni juzi. Kuna wazee niliowakuta mimi waliojua nyumba ipi ilikuwa ya bwana na ipi ya watu wake, na kila harusi ilipotajwa walianza kunong'onezana. Hatuyasemi kwa sababu yanauma, nasi tumezoea kuyafunika. Siku mkishapatana, siku nyingine kabisa, mwambie mwenzio kwamba neno lile lilikuumiza. Lakini liwe la siku nyingine. Radhi yenye "lakini" ndani yake haipokelewi.

Nikurudishe kwenye neno lako, "watu wenu". Nani hao? Bagamoyo ni mji wa Washomvi na Wazaramo, wa Wadoe, Wakwere na Wazigua, wa Waarabu wa Oman na wa Shihiri, wa Wahindi wenye maduka, wa Wanyamwezi walioshuka na mizigo wakaoa wakabaki. Na ni mji wa watu walioletwa kwa nguvu, wakaachwa huru, wakazaa. Ile picha juu ya mlango ulivyoisoma wewe ni kwamba mwenye joho na jambia ni mfanyabiashara ya watu. Inawezekana. Inawezekana pia si hivyo kabisa. Wengi waliotoka utumwani, walipopata nafasi ya kwanza, walijivika kanzu na kofia, na wanawake buibui, ili mtu asiwatambue tena kwa mavazi. Na mbele ya kamera kila mtu alitaka kuonekana muungwana. Wewe hujui mama yule ni kitukuu cha nani. Pengine naye hajui, maana katika nyumba nyingi za Pwani bibi akiulizwa asili ya mama yake, hubadilisha mazungumzo.

Nataka ufanye hesabu kidogo na mimi. Bibi yako ana miaka zaidi ya 80. Kaka wa babu yake, akiwa kijana, huenda alichukuliwa kwenye miaka ya 1880, maana vita vya 1892 hadi 1894 ndivyo vilivyouvunja utawala wa wale wafanyabiashara huko Maniema, ukaingia ule wa Mfalme Leopold ambao nao mnaujua machungu yake. Sasa, biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1873, Sultani Barghash alipotiwa shinikizo na Waingereza akasaini mkataba na soko la Unguja likafungwa. Kwa magendo iliendelea, hilo linajulikana. Lakini watu wengi walioshushwa baada ya hapo walibaki huku huku bara: Ujiji, Tabora, na kwenye mashamba ya mwambao wa Mrima. Kwa hiyo kijana wenu huenda hakupanda jahazi. Huenda alilima, akaoa, akazeeka, akazikwa huku tulipo.

Kariakoo, hapo hapo Dar es Salaam unapokwenda kununua vitu vyako, kuna msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Jina hilo halikutoka hewani. Watu wa kwenu walikuja Pwani wengi, wengine kwa minyororo, wengine kwa miguu yao wakiwa askari na wapagazi, wakakaa, wakawa na mitaa na wazee wao. Umeupita mara ngapi huo msikiti ukiwa na mfuko wa nyanya mkononi? Ukipita tena, simama kidogo.

Hata maneno uliyomwambia mama yule, ulimwambia kwa Kiswahili. Kilifikaje Kindu? Kilipita njia ile ile, kikisemwa na wale walioitwa waungwana, ndiyo maana huko kwenu wazee walikiita Kingwana. Sikuambii hivyo kukunyamazisha. Nakuambia kwa sababu kati ya Kindu na Bagamoyo hakuna "wenu" na "wetu" zilizonyooka kiasi hicho, na wewe umepewa kazi na bibi ya kuangalia alikopita mtu mmoja. Ukigawa watu mafungu mawili hutamwona.

Si wote walioingia katika ua ule waliingia wamefungwa. Maelfu kwa maelfu walikuwa wapagazi wa kulipwa, wakibeba pembe mabegani kutoka Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 na miezi kadhaa, kwa ujira wa vitambaa vya merikani na posho ya njiani. Kwao mji huu ulikuwa mahali pa kutua mzigo, na walipoukaribia walikuwa na nyimbo za kuufurahia. Ndiyo maana jina lake tangu utotoni nimelisikia kwa tafsiri mbili. Moja ni ya mtu anayebwaga moyo wake hapa kwa kukata tamaa. Nyingine ni ya aliyebwaga mzigo, moyo ukatulia. Wageni huambiwa ile ya kwanza tu, kwa sababu inaliza. Mimi zote mbili nazikubali, maana ua ulikuwa mmoja, na usiku mmoja waliweza kulala humo mwenye kudai ujira wake na asiyekuwa na hata jina la kudai.

Nije kwenye mnyororo. Mwenzio Mjerumani alikuambia kweli. Habari inayosimuliwa pale Misheni ni ya mama mmoja Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Alikuwa na punda, akamfunga kwenye mbuyu kwa mnyororo, mnyororo ukaachwa, mti ukakua ukaumeza. Mapadre wenyewe walifika 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Waliwanunua watoto kwenye biashara ile ile, wakawalea, wakawafundisha kazi na dini, wakawaozesha, wakawapa mashamba. Kwa hiyo chini ya mbuyu ule walipita watoto waliokuwa wamefungwa minyororo kweli, ila si ule. (Na yule Mjerumani, kama mnaelewana, mwombe siku moja msome pamoja habari za vita vya 1888 na 1889, watu wa Pwani walipopigana na Wajerumani wakiongozwa na Abushiri, aliyenyongwa Pangani. Bagamoyo inamhusu na yeye.)

Bibi umwambie. Najua unaogopa kumvunja moyo, lakini fikiri anachokifanya kila usiku: anagusa mnyororo wa punda akidhani anamgusa ndugu yake. Umri wote huo amebeba habari ya mtu mmoja bila kuipotosha, hastahili kudanganywa na mjukuu aliyemtuma. Halafu picha imeshaonekana na majirani. Ipo siku atatokea kijana mwenye intaneti aseme mbele za watu, na hapo bibi ataaibika katika jambo takatifu kwake kuliko yote.

Usimtumie ujumbe. Piga simu, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Sema, "Bibi, nilikosea. Sikusikiliza maelezo, nikakutumia kisicho chake." Nyamaza, mwache aseme lake. Akiuliza, basi alipita wapi, hapo una la kumpa, maana hilo ndilo alilokutuma, mnyororo hakuutaka. Msomee vituo. Kutoka Nyangwe na Kasongo hadi Ziwa Tanganyika, kuvuka kwa mitumbwi hadi Ujiji, kisha Kwihara karibu na Tabora, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya, Bagamoyo. Kipande cha kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo ndicho ambacho mwaka 2006 Tanzania ilikiwasilisha UNESCO katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Msomee polepole, kituo kimoja kimoja. Atavirudia.

Na umuulize jina. Barua yako ndefu, mwanangu, na humo ndani kijana yule hana jina. Mwili wa Livingstone uliletwa hapa Februari 1874 na watu waliotembea nao kwa miezi. Majina ya Susi na Chuma tumeyashika kwa sababu yaliandikwa, waliobeba pamoja nao wengi hawajulikani. Bibi akiwa na jina, liandike, na jina la mama yake pia, yule aliyekuwa akitenga chakula.

Sasa safari ya kurudi. Usiku mmoja, taa zikiwa zimezimwa, mwambie mwenzako: "Nilimkosea mama yako na nilikukosea wewe, nisamehe." Ukomee hapo. Akilia mwache alie. Kisha mwombe akusindikize kwao, usiende peke yako mara ya kwanza, mlango wa watu una wenyewe.

Hotipoti hairudi tupu, hilo hata mtoto wa Pwani analijua. Pika sombe ya kwenu. Kisamvu cha kutwanga utakipata soko lolote, mawese ya Kigoma yanauzwa Kariakoo, weka na samaki mkavu kama anavyoweka bibi. Sisi kisamvu tunakiunga kwa nazi, mama yule ataonja tofauti na atauliza, na kwenye kuuliza ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Pandeni gari za Bagamoyo pale Makumbusho mapema, mkaanzie Kaole. Ni kama kilomita 5 kabla ya mjini, na inaniuma kwamba mlipewa dakika 20. Pale kuna msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo za mawe, kisima cha maji baridi hatua chache kutoka bahari ya chumvi, na kaburi la Sharifu ambako watu bado huenda kuweka nadhiri. Watu waliishi, wakaswali na kuzikana hapo karne nyingi kabla ya msafara wa Nyangwe. Nilikuwa nikipelekwa na bibi yangu, tunakaa kivulini kwa mbuyu hadi adhuhuri bila kusema sana. Mwalimu wenu akiandaa ziara nyingine mwambieni: siku moja ni ya sehemu mbili, na kabla ya kuingia ule ua watu wasimame kimya kwanza, simu mfukoni. Caravanserai nenda wewe baadaye na mwenzio tu. Piga picha ya ua mtupu, uitume Kindu, na safari hii sikiliza maelezo hadi mwisho.

Kwa mama fikeni baada ya alasiri, wakati ambao hatajiona amefumaniwa bila chakula. Piga hodi, toa shikamoo yako uliyofundishwa na mwanawe, mpe hotipoti kwa mikono miwili. Historia usiianze mlangoni. Mwambie, "Mama, nilikula chakula chako usiku, kilikuwa kitamu, na nilikukosea adabu." Akikukaribisha mkekani, kaa. Akileta chochote, hata maji, kunywa. Na kama atauliza kwa nini siku ile ulilia, na nadhani atauliza, mtajie jina la yule kijana na la mama yake.

Ukirudi Dar niandikie na mimi hayo majina mawili. Ijumaa huwa nakwenda Kaole, nitawasomea Fatiha.